Pistoni za kalipa zimeganda? Usikimbilie kufungua hosi

Hii ni kwa wenye pikipiki za breki ya diski mbele (kalipa ni kile kibano kinachobana diski kwa brekipedi, pistoni zake zinasukumwa na mafuta ya breki), Pulsar, Apache, YBR na nyingine za aina hiyo. Mwenye Boxer ya dramu mbele haimhusu, ile ni habari ya breki shuu na kebo.

Dalili zenyewe: pikipiki imekuwa nzito kusukuma hata ikiwa neutro, petroli inaisha haraka kuliko zamani, ukisimama baada ya mwendo mfupi tu unasikia harufu ya kuungua mbele, au ukichungulia unakuta brekipedi ya upande mmoja imeisha na ya pili bado nene. Saa ingine inakuwa kinyume, unaminya mkono wa breki unaukuta mgumu na pikipiki haisimami vizuri, maana pistoni imekataa kutoka kabisa. Usiguse diski kwa kidole kuangalia kama imechemka, utaungua, idondoshee matone ya maji, yakichemka na kukauka hapo hapo na wewe umetembea taratibu bila kushika breki sana basi jua pedi zinakula muda wote.

Na niseme mapema jambo ambalo naliona kila siku na linaua kalipa ambazo zingepona. Breki ikishajam watu wengi kitu cha kwanza wanafungua hosi (mpira wa kupitishia mafuta ya breki), wanaondoka na kalipa mpaka mezani, halafu ndo wanaanza kuhangaika na bisibisi, nyundo na plaizi kuing'oa pistoni. Wakati kifaa chenye nguvu kuliko vyote cha kuitoa ile pistoni kiko pale pale kwenye usukani, ni mkono wa breki! Masta silinda, ile pampu inayobonyezwa na mkono wa breki, ina pistoni ndogo inayosukuma pistoni kubwa za chini, kwa hiyo nguvu ya vidole vyako inafika kwenye kalipa ikiwa imeongezeka mara nyingi, na inasukuma kutoka nyuma, sawasawa, bila kukwaruza kitu. Ukishafungua hosi nguvu hiyo umeitupa na hakuna plaizi itakayoirudisha.

Kwanini inaganda

Ndani ya kalipa hakuna springi ya kuirudisha pistoni. Kinachoirudisha ni sili, ile pete nene ya mpira yenye kona nne, ukiminya breki pistoni inasogea na sili inajipinda nayo kidogo, ukiachia sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, ni chini ya milimita moja lakini inatosha kuiachia diski. Sasa hiyo sili inakaa kwenye mfereji uliochongwa kwenye alumini ya kalipa, maji yakiingia nyuma yake alumini inaota unga mweupe mgumu, ule unga unataka nafasi, unaisukuma sili kwa nyuma, sili inaibana pistoni na haina tena pa kujipindia. Ndo maana mtu anatoa pistoni, anaisugua mpaka inang'aa, anairudisha, na muda si mrefu tatizo ni lile lile, kwa sababu ugonjwa uko kwenye mfereji na yeye ametibu pistoni.

Maji yanaingia kwa njia mbili. Ya nje ni pale sili nyembamba ya vumbi ikishachanika, tope la masika linaingia, maji ya kuoshea kwa presha yanaingia, na ukiwa Tanga au Dar au Mombasa karibu na bahari ile hewa ya chumvi inamalizia kazi. Ya ndani ni mafuta ya breki yenyewe, haya ya DOT 3 na DOT 4 yananyonya unyevu kama chumvi ya jikoni iliyoachwa wazi, mwaka wa kwanza, wa pili, yanageuka rangi ya chai na huko ndani kutu inaanza. DOT 4 mpya inatakiwa ichemke kwenye nyuzi 230 au zaidi, ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika ni 155 tu, kwa hiyo mafuta ya zamani yanaharibu vyuma na pia yanaweza kukuachia breki laini kwenye mteremko mrefu.

Hakikisha kwanza kama kweli ni pistoni

Weka standi kubwa, tia uzito nyuma au jaki chini ya injini mpaka tairi la mbele linyanyuke. Minya breki, achia, zungusha tairi. Likigoma, vaa spana kwenye nipo ya kutolea upepo pale kwenye kalipa, mara nyingi ni namba 8, fungua robo mzunguko. Mafuta yakiruka na tairi likaachia hapo hapo basi pistoni hazijaganda, ni presha imefungiwa ndani, yaani kale katundu kadogo ka kurudishia mafuta kwenye masta silinda kameziba, au hosi imevimba kwa ndani inapitisha kwenda lakini kurudi haipitishi. Kujua ni ipi, funga nipo, minya tena, safari hii legeza bolti ya hosi ya juu kwenye masta, ukiwa umezungushia tambara. Tairi likiachia ni masta, likiendelea kugoma ni hosi. Angalia pia kama mkono wa breki umepinda baada ya kuanguka au umewekwa wa pikipiki nyingine, ukiwa unaibonyeza masta kidogo muda wote hilo tundu halifunguki na dalili zinakuwa hizo hizo.

Ukifungua nipo na tairi bado limeng'ang'ania, hapo ni chuma kimekwama kwenye kalipa. Lakini bado usiseme pistoni. Kalipa nyingi za pikipiki hizi zina pistoni upande mmoja tu na mwili wote unateleza juu ya pini mbili zenye kava la mpira, pini zikikauka grisi na kushika kutu kalipa haitelezi na pedi moja inaliwa peke yake. Ishike kalipa uisukume kushoto na kulia, inatakiwa isogee kwa mkono. Haisogei? Anza na pini, unaweza kukuta kazi yote imeishia hapo.

Vitu vya kuandaa

Spana namba 8, 10, 12 na 14, ikiwezekana ringi au soketi, aleni ki, klampu ya seremala au hata mbili, vipande vya mbao, sirinji kubwa ya duka la dawa na mpira wa dripu, mswaki wa zamani, vijiti vya meno, spiriti au dawa ya kusafishia breki, grisi ya silikoni, miwani ya kukinga macho na glavu. Kutoka duka la spea nunua sili za kalipa yako (pistoni mbili zina sili nne), wesha mbili za shaba za bolti ya hosi, na mafuta ya breki mapya kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Aina ipi, soma mfuniko wa kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani, imeandikwa. DOT 3, 4 na 5.1 ni familia moja, ila DOT 5 ni silikoni na haichanganywi na hizo. Na naomba sana, usiruhusu mtu akuwekee oili ya injini au hidroliki humo, raba za ndani zinavimba na ukishafika hapo ni kubadilisha kila kitu cha raba kuanzia masta mpaka kalipa, na hosi yenyewe.

Mafuta ya breki yanakula rangi. Funika tanki kwa tambara lenye maji, na yakidondoka mwagia maji haraka.

Legeza kabla hujatoa

Kalipa ikiwa bado imefungwa kwenye shokapu, legeza kidogo pini inayoshika pedi, kisha bolti ya hosi uiguse tu iachie halafu uibane tena. Hizi bolti zikiwa ngumu na kalipa iko mkononi inazunguka huna pa kuishikia, hapo kwenye shokapu umeshikiwa bure. Nipo ndo ya kuhurumia kuliko zote kwa sababu ina tundu katikati na inakatika kirahisi. Spana ya mdomo wazi inakula kona, tumia ringi, puliza WD-40 usiku, asubuhi igonge kichwani polepole kwa nyundo ndogo, jaribu kukaza kidogo kwanza halafu ndo ulegeze. Ukiona inajikunja kama inataka kukatika acha, endelea na kazi nyingine, utairudia kalipa ikiwa imetolewa na imepashwa kwa maji ya moto.

Kutoa pistoni kwa mkono wa breki

Fungua bolti mbili za kalipa, itoe kwenye diski, hosi ibaki imefungwa. Usiiache inaning'inia kwa hosi, ifunge kwa waya au kamba. Toa pedi, zikague, zikiwa zimelowa mafuta hakuna dawa, ni kutupa, hata ukizichoma au kuzisugua zitarudia kuteleza.

Sasa kabla hujaminya chochote safisha. Mswaki, maji ya sabuni, kisha spiriti, ondoa tope lote kuzunguka pistoni mpaka uone chuma. Watu wanaruka hii sehemu halafu wanashangaa sili mpya zinachanika, ule mchanga unaobaki ukiisukuma pistoni ndani unaingia nao.

Jaza kikopo cha juu, weka ubao kwenye nafasi ya diski, mnene kiasi kwamba pistoni ikitoka sana inagonga ubao kabla haijachomoka. Halafu minya breki polepole, angalia. Kwenye kalipa ya pistoni mbili utaona moja inatembea na nyingine imekaa tu, na hapo ndo penye siri yote ya kazi hii: ile inayotembea izuie. Ibane kwa klampu na kipande cha mbao isitoke tena, kisha minya. Mafuta hayana pa kwenda isipokuwa nyuma ya ile iliyoganda. Minya kwa nguvu, shikilia kidogo, achia, minya tena, usiwe na haraka, ukiona imesogea hata kama unene wa ukucha umeshashinda, iliyobaki ni muda.

Ikishaanza kusogea usiikimbize mpaka nje. Itoe milimita chache, isugue pembeni kwa mswaki na spiriti, ipake mafuta safi ya breki, irudishe ndani kwa klampu ukiwa umefungua nipo mafuta yachuruzike kwenye chupa, funga nipo, itoe tena. Rudia mpaka itembee sawa na mwenzake. Kama kalipa haina umri mkubwa na uchafu ulikuwa wa juu juu, hii peke yake inaweza kuwa imemaliza tatizo, pistoni zote mbili zinatoka pamoja na kurudi kwa kidole gumba, unaweza kufunga na kuendelea na kazi. Lakini ikiwa inarudi kwa kukataa, imenyooka lakini inabana, mfereji una unga na lazima ufungue zote.

Kuzitoa kabisa, zipeleke zote mbili kwa pamoja mpaka karibu na mwisho, beseni chini, kisha ondoa ubao na uzimalizie. Moja ikichomoka mwenzake bado yuko ndani presha yote imepotea, hapo irudishe ile iliyotoka, toa upepo, ibane na uanze upya. Inakera, lakini ni nafuu kuliko plaizi.

Ikikataa kabisa

Wapo wanaofika hapa hosi imeshafunguliwa siku nyingi, masta haipo, au mkono umeminywa mpaka mwisho na pistoni haijaguswa. Fanya hivi kwa mpangilio, ukianza na kilicho salama.

Maji ya moto. Mwaga mafuta yote ya breki, izamishe kalipa kwenye maji yaliyochemka dakika kadhaa, alumini inatanuka kuliko chuma cha pistoni, kanafasi kanaongezeka. Itoe ukiwa na glavu, ijaribu hapo hapo ikiwa bado moto. Usitumie gesi ya kuchomelea, sili zinaungua, na kama kuna mafuta yamefungiwa ndani yanaweza kuruka yakiwa yamechemka. WD-40 kuzunguka pistoni ukaiacha ilale inasaidia pia, ila ukishaitumia sili hizo hesabu zimekufa, usizirudishe.

Pampu ya grisi. Hii naiamini sana. Tafuta nipo ya grisi ambayo uzi wake unalingana na tundu la nipo ya upepo au la hosi, ijaribu kwa vidole iingie bila kulazimisha, ziba tundu lililobaki kwa bolti yake, zuia pistoni inayotembea, kisha piga grisi. Presha ya pampu ya mkono ni kubwa kuliko ya mkono wa breki na grisi haina hasira, pistoni inatoka taratibu kama inasukumwa na jeki. Baada ya hapo usafi wake ni kazi kubwa, grisi ya kawaida na raba za breki ni maadui, kwa hiyo kila tundu lisafishwe mpaka spiriti itoke nyeupe.

Kompresa naiweka mwisho kwa makusudi. Hewa inajikusanya halafu inaachia kwa mpigo, pistoni inaruka kama risasi na vidole vya watu vimevunjika hivyo. Ukilazimika, weka presha ya chini kabisa, ubao mnene mbele ya pistoni, kalipa imefunikwa tambara zito na mdomo wake unaangalia chini, vidole visiwe kabisa mbele yake, na miwani machoni.

Plaizi kwenye ngozi ya nje ya pistoni, hapana. Mkwaruzo mmoja pale sili inapopita ni njia ya kuvujia.

Mfereji ndo kazi yenyewe

Toa sili kwa kijiti cha meno au plastiki, sio bisibisi. Ile nene ya ndani ni ya mafuta, nyembamba ya nje ni ya vumbi. Sasa angalia mfereji kwenye mwanga, ule unga mweupe unakaa kwenye kona kabisa, unakwanguliwa kwa kitu laini kuliko alumini kwanza, kijiti, plastiki iliyochongwa, ukigoma ndo unatumia waya wa shaba uliokunjwa kama ndoano, polepole, unafuata mzunguko. Hapa kaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Pitisha kijiti mpaka usihisi kitu kinakwaruza, osha kwa spiriti, angalia tena. Petroli na dizeli viweke mbali na raba. Chungulia pia vitundu vya mafuta, uvipulizie.

Pistoni isugue kwa stilwaya laini sana au msasa wa maji namba 1000 kwenda juu, kwa kuizungusha, sio kwa kuivuta juu chini. Kisha pitisha ukucha. Kutu iliyobaki kwenye ncha ya nje, nje kabisa ya eneo la sili ya vumbi, inavumilika. Ukucha ukikwama kwenye shimo sehemu ambayo sili inapita, kromi (ngozi yake ya juu inayong'aa) imeshatoboka, nunua pistoni mpya, maana hilo shimo litakata sili mpya. Na silinda ya kalipa ikiwa imechimbika vibaya au uzi wa nipo umekufa, tafuta kalipa nyingine, breki ya mbele ndo inabeba sehemu kubwa ya kusimama kwako.

Kurudisha

Lowesha sili mpya kwenye mafuta ya breki, ziingize kwa vidole, pitisha kidole kuzunguka uhakikishe hazijajikunja. Paka pistoni mafuta hayo hayo, iweke imenyooka, isukume kwa vidole gumba viwili. Inatakiwa iingie kwa kusukuma tu. Ikipinda na kukwama itoe, usiigonge.

Pini za kuteleza zisugue, grisi ya silikoni kidogo, kava za mpira zikae sawa kwenye mifereji yake. Wesha za shaba mpya pande zote mbili za kichwa cha hosi, ukizikosa zile za zamani kama ni shaba nyekundu zichome mpaka ziwe nyekundu, ziache zipoe, zinalainika tena na kuziba, za alumini haziwezi hilo. Kaza kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Pedi na diski zipitishie spiriti.

Kutoa upepo

Kalipa tupu inachosha kujaza kwa kupampu, njia fupi ni sirinji: ijaze mafuta mapya, ivishe mpira wa dripu, unganisha kwenye nipo, fungua, sukuma taratibu kutoka chini kwenda juu, viputo vinatokea kwenye kikopo (punguza mafuta ya kikopo kwanza yasifurike). Malizia kwa kawaida, minya, shikilia, fungua nipo, funga, ndo uachie mkono, kikopo kisikauke hata mara moja. Mkono ukibaki laini, ufunge umeminywa kwa mpira wa tyubu usiku kucha, asubuhi gonga hosi na kalipa kidogo na urudie.

Kabla ya kupanda pampu breki mpaka iwe ngumu, pedi bado ziko mbali na diski na mminyo wa kwanza hautashika kitu. Zungusha tairi, liende lenyewe na msuguano mdogo tu wa pedi. Minya kwa nguvu zote ushikilie, mwenzako aangalie bolti ya hosi, nipo na pembeni ya pistoni kama kuna unyevu. Jaribu kwanza kwenye uwanja au njia isiyo na magari, mwendo wa kutembea, halafu kidogo kidogo. Ukirudi yale matone ya maji kwenye diski tena, pande mbili, na usipakie abiria mpaka umeangalia hivyo tena kesho yake ikiwa baridi, kikopo kikiwa kwenye alama ile ile uliyoiacha.